Walimu wapya mnaotunga test ya kwanza, anzeni na majibu ya kukosea

Habari zenu walimu wenzangu, hasa nyie mlioripoti juzijuzi huku Dodoma na mwalimu wa taaluma ameshawaambia mlete maswali Ijumaa. Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi huku Chamwino, huu mwaka wa tisa, na jambo ambalo chuoni sikulielewa mpaka nilipokaa na karatasi za watoto ni kwamba swali zuri la kuchagua unalitunga kuanzia kwenye kosa.

Chukua hili la darasa la tano, 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6, hapo hamna kazi, kazi ipo kwenye yale mengine matatu. Wengi tunajaza namba yoyote, 9, 40, 100, mtoto anaona haziendani anazikata anabaki na moja, kapata vema na hajui kitu. Siku hizi naweka 2/5 kwa sababu yupo anayejumlisha juu kwa juu chini kwa chini, naweka 2/6 kwa yule aliyepata asili, yaani namba ya chini, ya 6 akasahau kubadilisha za juu, naweka 1/6 kwa aliyezidisha. Hapo nikipiga mkasi najua kabisa mtoto kapotelea wapi.

Halafu lugha. Niliwahi kuchukua swali kwenye pasipepa linahusu pantoni inayovusha abiria, hesabu yenyewe kuzidisha tu, binti mmoja mzuri sana wa hesabu akakaa na penseli mpaka muda unakaribia kuisha ndo ananyoosha mkono, "Mwalimu, pantoni ndo nini?" Iliniuma kweli, yaani nilikuwa namnyima maksi za hesabu kwa kitu ambacho hajawahi kukiona huku kwetu. Toka hapo ni madebe ya mtama, magunia ya alizeti, kreti za zabibu, na namba zinabaki ngumu vilevile.

Mgawanyo wa maswali usikusumbue, fungua tu andalio lako uangalie umetumia muda wapi. Kama mada ya sehemu umefundisha wiki tatu na ya eneo wiki moja, kwenye maswali 20 weka 15 na 5. Usiweke mengi ya eneo eti kwa sababu ni rahisi kutunga, hiyo sio haki.

Na kumbukeni watoto wanapiga ana ana ana do. Kwenye kweli au si kweli mtoto ana nusu ya nafasi bila kusoma swali, kwenye herufi nne ana robo, kwahiyo mwenye 5 kati ya 20 msiseme anajua kidogo, inawezekana hajui kabisa. Changanyeni herufi pia, maana wanajua mwalimu fulani anapenda C, na jibu sahihi lisiwe ndo refu kuliko yote. Ukiandika "isipokuwa" ipigie mstari. Halafu kabla hujapeleka kudurufu kaa uufanye mtihani wote mwenyewe na uandike mwongozo wa kusahihishia, hapo ndo utagundua swali la 12 lina majibu mawili, ni bora ugundue wewe kuliko wagundue watoto kwenye chumba cha mtihani.

Ukimaliza kusahihisha usigawe karatasi hapohapo. Chukua daftari upige tally kila swali, wangapi A, wangapi B. Mwaka juzi karibu nusu ya darasa walikuwa wamechagua 2/5, kwahiyo Jumatatu nikaingia na chungwa na kisu. Nikamshikisha mmoja nusu ya chungwa, nikamwambia nakuongezea theluthi, je utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Wote, "Zaidiii!" Nikachora mistatili miwili ubaoni, mmoja nimetia kivuli nusu, mwingine 2/5. Kimya. Halafu kijana wa dawati la nyuma akasema taratibu, "Mwalimu, mbona imepungua?"