Damu ya chifu haitoshi kukupa kiti

Wiki hii mmeamkia uchifu na ufalme. Haya, tuanze.

Mama yake Mkwawa alikuwa mke halali? (Msomaji, Mafinga)

Halali kwa cheti cha nani? Munyigumba, baba yake Mkwawa na chifu wa Wahehe kabla yake, alikuwa na wake wengi, na Wahehe wa enzi zile hawakumpima mwana kwa ndoa ya kanisani. Alipofariki mnamo 1879, aliyekitaka kiti ni Mwambambe, mkwe wa marehemu, na hakuja na hoja ya ndoa; alikuja na mikuki. Mkwawa akamshinda, maneno yakaisha. Halafu mtazame Mpangile, nduguye Mkwawa. Damu ile ile. Wajerumani walimkalisha kitini mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 wakamnyonga wao wenyewe.

Ni kweli Malkia Elizabeth alikuwa mwanaharamu? (Tukuyu)

Yupi? Wako wawili, andikeni maswali yanayoeleweka. Wa pili, hapana. Wa kwanza alitangazwa hivyo na Bunge la Uingereza mwaka 1536, baada ya mama yake, Anne Boleyn, kukatwa kichwa. Mwaka 1544 akarudishwa kwenye orodha ya warithi bila kufutiwa lile jina. Akatawala kuanzia 1558 hadi 1603, wala hakuhangaika kuifuta sheria ya 1536. Ukishavaa taji huendi kupanga foleni ya cheti cha kuzaliwa.

Mtoto wa nje wa mfalme wa Uingereza anaweza kurithi? (Makambako)

Hapana, hata wazazi wakioana baadaye. Mabadiliko ya 2015 yalimwinua binti, hayakumgusa mtoto wa nje. Hili nalijibu mara ya tatu.

Kwa nini mzaliwa wa kwanza asirithi tu, yaishe? (Njombe)

Kawaulize Waganda. Kwao mwana wa kwanza wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, huitwa Kiweewa, naye ndiye asiyerithi.

Marehemu baba alikuwa wa ukoo wa kichifu, mimi nilizaliwa nje ya ndoa. Nikipima vinasaba nitadai uchifu? (Mwanjelwa, Mbeya)

Mdogo wangu, uchifu wa kiserikali ulifutwa 1963. Uliobaki ni wa kimila, na hapo wanaoamua ni wazee wa ukoo wako. Maabara itakuambia baba yako ni nani, haitakuvika mgolole. Ubelgiji, bibi mmoja aitwaye Delphine alimshtaki mfalme mstaafu, vinasaba vikamthibitisha, na 2020 mahakama ikampa hadhi ya binti mfalme. Kwenye foleni ya kiti hayumo hadi leo.

Lakini nakushuku. Barua yako imetaja uchifu mara moja, shamba la parachichi mara nne. Kama unataka shamba, sema shamba. Hayo ni mirathi, na mirathi huenda mahakamani. Usiyachanganye na kiti, maana wajomba na baba wadogo hupenda sana yachanganywe. Wewe ukiwa unabishana nao nani anastahili mkuki wa babu, wao wanakaa kikao cha ukoo kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Juzi nilikuwa msibani, si mbali na Ilula. Daftari likapitishwa, tukaambiwa ni la rambirambi. Mzee aliyekaa kando yangu akavaa miwani, akarudisha kurasa mbili nyuma, akasoma juu kabisa: "Muhtasari wa kikao cha ukoo." Chini yake majina kumi na saba yalikuwa yameshasainiwa, mengine kwa dole gumba. La mtoto wa nje wa marehemu lilikuwa la tatu.