Usiandike maisha yako kama yalivyokuwa

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Ameyaandika maisha yake yote, tangu utotoni mpaka leo, kurasa 300, na mswada umerudishwa na maneno mawili: hakuna hadithi. Anauliza inawezekanaje mateso yote yale yasiwe hadithi, ilhali waandishi wakubwa wamepata jina kwa kuandika ya kwao.

Maneno mawili kwa mtu aliyemwaga moyo wake kurasa 300 ni ukatili, nalisema wazi. Lakini ndani ya swali lake limo kosa ambalo linaua miswada mingi: imani kwamba wakubwa hao waliandika maisha yao. Hawakuyaandika. Waliyachukua, wakayakata, wakayahamisha, wakampa huyu ya yule. Kazi hiyo ina hatua zake, na anayetaka anaweza kujifunza.

Mtazame Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, London. Mwaka huohuo mtoto alipelekwa kwenye kiwanda cha dawa ya viatu, kazi yake kufunika vikopo na kubandika lebo. Jambo hilo lilimwaibisha hata akalificha maisha yake yote. Umma ulilijua baada ya kifo chake mwaka 1870, rafiki yake John Forster alipochapisha wasifu wake. Na bado lilikuwamo kitambo kwenye David Copperfield, riwaya iliyotoka kati ya 1849 na 1850, na kila mtu alikuwa amelisoma.

Sasa angalia alichobadilisha. Dawa ya viatu imekuwa mvinyo: David anaosha chupa na kubandika lebo. Umri umeshuka kutoka 12 hadi 10. Mshahara, shilingi sita au saba kwa wiki, ameuacha vilevile. Lebo nazo ameziacha. Yaani kile ambacho mikono ya mtoto ilikishika kimebaki, na kile ambacho kingemtambulisha kimeondoka.

Badiliko kubwa liko kwa baba. David amezaliwa baba yake ameshakufa. Yule mdaiwa mwenye maneno mengi na matumaini yasiyokatika amegeuzwa kuwa Bwana Micawber, ambaye David anapanga kwake. Na lawama ya kumtupa mtoto kazini imebebeshwa baba wa kambo, Murdstone. Mtu mmoja amegawanywa wawili. Kwa nini? Kwa maoni yangu ni kwa sababu huwezi kumpenda na kumlaani mtu yuleyule katika ukurasa mmoja bila kujitetea, na mwandishi akianza kujitetea, msomaji anafunga kitabu. Baada ya kumgawa, Dickens alikuwa huru kumchekea Micawber kwa mapenzi yote na kumchukia Murdstone kwa hasira yote. Kama mswada wako una mzazi ambaye kila akitokea sentensi zako zinakuwa ndefu na zenye maelezo mengi, hapo ndipo pa kukata.

Nidhamu yake nayo ya kuiga. Riwaya ile ilitoka kila mwezi kwa vijitabu vya kurasa 32, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kupotea. Kwa kila kijitabu aliandaa karatasi moja, akaigawa nusu mbili. Nusu ya kushoto aliandika mawazo na maswali ya kujiuliza: fulani aingie sasa? Kisha akajijibu: ndiyo, hapana, bado. Nusu ya kulia aliandika majina ya sura na yatakayotokea humo. Jaribu hivyo kwa kila sura, karatasi moja tu. Neno la thamani kuliko yote hapo ni "bado". Mswada wa maisha huharibika kwa sababu mwandishi anamwaga kila kitu siku anapokikumbuka, wala si siku hadithi inapokihitaji.

Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, anafundisha jambo jingine, nalo ni kupima muda. Tarehe 22 Desemba 1849 alisimamishwa uwanjani St. Petersburg kusubiri kupigwa risasi. Wafungwa waliitwa watatu watatu. Yeye alikuwa wa sita, maana yake kundi la pili, na siku hiyohiyo alimwandikia kaka yake Mikhail kwamba alikuwa amebakiwa na dakika isiyozidi moja. Ndipo ikasomwa amri ya kuwasamehe kifo, akapelekwa kazi ngumu Siberia.

Tukio hilo akalitumia kwenye riwaya ya The Idiot, iliyoanza kutoka mwaka 1868, miaka 19 baadaye. Anayesimulia si mhukumiwa. Ni Mwanamfalme Myshkin, ameketi na mama mmoja na binti zake watatu katika nyumba tulivu, akieleza habari za mtu aliyekutana naye. Na mtu huyo si wa sita, ni wa nane, kundi la tatu. Hana dakika moja, anazo tano. Anazigawa: mbili za kuagana na wenzake, mbili za kujifikiria mwenyewe, zilizobaki za kutazama dunia kwa mara ya mwisho. Na anachotazama ni kanisa la karibu, paa lake la dhahabu likimeta juani, macho yakakataa kubanduka.

Kumrudisha nyuma kundi moja ndiko kulikompa nafasi ya kuandika. Dakika moja ya kweli isingetosha kugawanyika. Neno "niliogopa sana" halihitajiki hapo. Mgawo wa dakika na lile paa vimeshalisema. Msomaji wangu, tafuta kwenye mswada wako kila palipoandikwa "niliumia" au "sitasahau", ufute, uweke kitu ulichokitazama wakati ule. Kama hukumbuki ulitazama nini, tukio hilo bado hujaliandika, umelitaja tu.

Tusidhani haya ni ya wageni. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na mkono unaomlisha mtu haushutumiwi kirahisi. Katika Kusadikika, 1951, akaipeleka kesi nzima kwenye nchi iliyo angani: Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Ukiwa huwezi kusema mahali, hamisha mahali. Majina yenyewe yanafanya kazi ya hukumu.

Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu cha siasa, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, 1973, aliyaandika gerezani kwenye karatasi za msalani. Ni mashairi ya arudhi, yaani kanuni za kimapokeo za ushairi, na arudhi ni kibano. Ubeti wa mishororo minne, mizani (silabi) 16 kila mshororo, unakupa mizani 64 na hakuna ya ziada. Dhiki ikibanwa namna hiyo haina pa kulalamikia, inalazimika kuchagua. Hata kama unaandika riwaya, tukio linalokutoa machozi liandike kwanza kwa ubeti mmoja wa namna hiyo. Kitakachoingia kwenye mizani 64 ndicho kiini, na kilichobaki nje huenda hukihitaji.

Basi mswada usiutupe. Chagua tukio moja lisilozidi siku moja. Orodhesha mambo kumi ya siku hiyo: umri, mahali, kazi, fedha, waliokuwapo, ulichoshika, ulichosikia. Bakiza matatu ambayo mwili unayakumbuka, mengine saba yabadilishe, na yabadilishe kweli. Kubadilisha majina peke yake ni mtego: ndugu watajitambua, na wewe utaendelea kubishana na kalamu yako kwamba haikutokea hivyo. Halafu andika ukurasa mmoja wa siku ileile kwa macho ya aliyekukosea, naye awe na sababu zake. Ukishindwa, muda wake haujafika, chukua tukio jingine. Hilo si jambo la aibu, Dostoevsky alikaa nalo miaka 19.

Ukimaliza, hesabu kurasa zilizosimama. Zikiwa 20 kati ya 300, anza na hizo, na sura ya kwanza iwe ile ambayo mkono wako ulikuwa umeshika kitu.