Mnunuzi na Muuzaji zisirithi klasi ya Mtu

Mkuu, umeuliza kama kwenye mfumo wa kompyuta wa mwalo (soko la samaki la ufukweni) klasi za Mnunuzi na Muuzaji, yaani violezo vya kuundia obijekti, zirithi sifa za klasi ya Mtu kama ulivyochora. Hapana, hizo ni nafasi tu anazoshika mtu, na nafasi hubadilika. Pita Kirumba, Mwanza, uone: mama aliyenunua dagaa wabichi kwa ndoo, akishawaanika ndiye huyo huyo anayewauzia wenye malori kwa gunia. Umemuunda kama Mnunuzi, sasa atauzaje? Lugha ya programu ya Java hairuhusu obijekti (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) kubadili klasi ikishaundwa, kwa hiyo utaishia kumsajili mara mbili. Akibadilisha laini ya simu, rekodi moja itarekebishwa na nyingine itabaki na namba ya zamani. Deni lake nalo litagawanyika pande mbili, na hapo karani wa mizani atakutafuta wewe.

Weka Mtu mmoja mwenye orodha ya Nafasi, kisha Mnunuzi na Muuzaji zirithi Nafasi. Leseni na salio vikae huko, jina na simu vibaki kwa Mtu.

Mchoro wako kwa UML (lugha ya kuchora miundo ya programu) si kosa, maana UML inakubali obijekti moja iwe ya klasi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Java na C#, lugha nyingine ya programu, ndizo zinazokataa, na nimeona miradi mingi ya wanafunzi ikikwama hapo hapo wakianza kuandika kodi ya programu.

Klasi za Sangara na Sato kurithi klasi ya Samaki ni sawa, maana sangara hageuki sato. Ila kama wanatofautiana bei tu, sehemu ya kujaza aina inatosha.