Swali Kabla ya Eksirei: Ushauri kwa Wanafunzi wa Udaktari wa Meno

Nikiwa mwaka wa tatu wa masomo, nilimpiga mgonjwa mmoja eksirei nne za sehemu ile ile ya taya la chini, kwa kuwa niliona kivuli cheusi cha mviringo karibu na ncha ya mzizi wa gego dogo la pili na nikaamini kwamba ni jipu. Picha ya kwanza ilikata ncha ya mzizi, ya pili ilitoka na ukungu kwa sababu mgonjwa alitikisika, na mbili za mwisho nilizipiga kwa ajili ya kujituliza moyo tu. Mwalimu aliyenisimamia alizitazama kidogo, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimelipima jino kwa baridi kuona kama bado li hai. Sikuwa nimelipima. Lilipopimwa, jino lilikuwa hai na zima kabisa. Kivuli kile kilikuwa tundu la kawaida la mfupa, linalopitisha neva iendayo kidevuni na kwenye mdomo wa chini.

Dozi ya picha nne za aina hiyo ni ndogo mno, na sitaki kumtisha mtu. Hata hivyo mgonjwa hakunufaika nayo kwa lolote, ilhali kanuni ya kwanza ya kinga ya mionzi ni kwamba kila picha iwe na sababu itakayomfaa anayepigwa. Tangu hapo sioni maana ya kusoma patholojia ya kinywa, yaani elimu ya magonjwa yake, na usalama wa mionzi kama masomo mawili yasiyojuana, kwa maana asiyejua ugonjwa unavyoonekana hajui pia picha ipi ni ya lazima na ipi ni ya bure.

Kwa hiyo unaposoma ugonjwa wowote wa taya, jiulize eksirei inaweza kukueleza nini na ni wapi inaponyamaza. Ameloblastoma (uvimbe wa taya utokanao na tishu zinazounda meno), sisti, yaani kifuko cha majimaji, inayozunguka taji la jino lisilochomoza na keratosisti (sisti iliyojaa keratini) zote zinaweza kuonekana kama uwazi mweusi wenye kingo safi pembeni mwa taya, na hata ukipiga picha kumi hazitakutenganishia. Jibu liko kwenye kipande cha tishu chini ya hadubini, kilichohifadhiwa katika formalini ya asilimia 10 yenye ujazo usiopungua mara kumi ya kipande chenyewe. Kidonda cha ulimi kisichopona baada ya wiki mbili, ingawa kinachokichubua kimeondolewa, nacho kinahitaji kukatwa sampuli. Mfupa nao huchelewa kusema, kwa kuwa ni lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake kabla ya weusi kuonekana, kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba hakuna maambukizi.

Kuna picha ya pili iliyo halali, nayo ni ile unayoipiga kwa pembe tofauti ukiwa na swali mahususi: je, kivuli kitaondoka kwenye ncha ya mzizi? Kikiondoka, hakijashikamana na jino. Hiyo si kurudia.

Kuhusu usalama wako mwenyewe, nitasema machache kwa kuwa vitabu vinayaeleza vizuri. Simama nyuma ya kinga, au angalau mita 2 kutoka kwa mgonjwa, katika pembe ya kati ya digrii 90 na 135 kutoka uelekeo wa mionzi. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo. Usishike sensa, yaani kifaa kinachonasa picha, kwa kidole mdomoni mwa mgonjwa, hata mara moja. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa eksirei za meno, alipoteza vidole na hatimaye mkono kutokana na mionzi. Usishangae pia ukisikia mabishano kuhusu aproni ya madini ya risasi anayovishwa mgonjwa: mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilipendekeza isitumike tena kama desturi, kwa kuwa kubana mionzi kwa umbo la mstatili na kuipanga vizuri humkinga mgonjwa zaidi. Ninyi fuateni kanuni za mahali mnapofanyia kazi.

Kilichonisaidia zaidi ni daftari dogo nililoandikia sababu ya kila picha niliyoirudia. Baada ya wiki chache niligundua kwamba nyingi zilikuwa za kukata ncha za mizizi, kwa sababu niliogopa kumuumiza mgonjwa na hivyo nikaiegemeza sensa kwenye meno. Dawa yake ilikuwa kuisogeza kuelekea katikati ya kinywa, penye nafasi, na kumwomba mgonjwa alegeze ulimi huku akifunga meno polepole juu ya kishikio cha sensa.