Sululu yupo, gunia ndilo halimfai

Swali la wiki lilikuwa hili: yule ndege ambaye Wamarekani huwatuma wenzao wakamwinde usiku kwa gunia yupo kweli, au ni mzaha mtupu?

Yupo. Kwa Kiingereza anaitwa snipe, kwa Kiswahili sululu, ingawa wapo wanaolitumia jina hilohilo kwa kipila, yule mkubwa mwenye mdomo uliopinda. Sululu tunayemzungumzia hapa mdomo wake umenyooka kama shazia ya kushonea magunia. Ni ndege wa kinamasi, uzito wake gramu 80 hadi 140 hivi, na mdomo peke yake hufika sentimita 6 au 7.

Mzaha wenyewe unajulikana Marekani tangu miaka ya 1840, na kwenye kambi za vijana bado unaendelea. Mgeni hupelekwa gizani, mbali na wenzake. Hupewa gunia, huambiwa alishike wazi usawa wa ardhi, apige miluzi au agonganishe vijiti, na asiondoke, kwa kuwa wenzake wanazunguka kumswaga ndege aingie. Wenzake wanakwenda kulala.

Kinachochekesha zaidi kwa anayemjua ndege huyu ni kwamba karibu kila hatua imekosewa. Sululu hakimbii ardhini akaingia mtegoni kama kanga. Akisikia kishindo hulala chini na kutulia tuli, na ukimkaribia kupita kiasi hufumka ghafla, akapanda juu huku akikata kulia na kushoto. Gunia lililo chini halina kazi. Ila giza si kosa. Watafiti wanaowavisha sululu pete miguuni huwakamata usiku hasa, usiku usio na mbalamwezi na wenye upepo wa kufunika nyayo. Mmoja hushika taa kali, ndege huduwaa kwenye mwanga, kisha hufunikwa na wavu wenye mpini mrefu. Wengine hutandika nyavu nyembamba juu ya madimbwi magharibi inapoingia, ndege wanaposhuka kula. Kwa hiyo mpe yule mgeni taa na wavu badala ya gunia, umpe na kibali, na mzaha unakuwa kazi halali.

Mzaha huu umedumu kwa sababu sululu haonekani. Mgongo wake una mistari ya rangi ya malai inayokwenda kwa urefu, sambamba na majani makavu, na kichwani ana mistari mingine ya namna hiyo. Macho yamekaa juu na nyuma, kiasi kwamba mdomo ukiwa umezama topeni bado anaona kinachomjia kwa nyuma. Watu wengi humwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari anaruka. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India miaka ya 1770 walilijua hilo vizuri: kumpiga risasi ndege huyu kulikuwa kipimo cha shabaha, kikazaliwa kitenzi cha Kiingereza to snipe, yaani kuwinda snipe, na baadaye neno sniper, yaani mdunguaji.

Asiyeonekana husikika, na hapo ndipo hadithi zilipoanzia. Wafini humwita taivaanvuohi, mbuzi wa mbinguni. Wajerumani nao wana Himmelsziege, maana ni ileile. Mlio huo wa mbuzi hautoki kooni. Msimu wa kuzaliana dume hupanda juu, hujitupa chini kwa mshazari, na hutanua unyoya mmoja wa pembeni kila upande wa mkia. Upepo ukipita, sehemu ya nyuma ya unyoya hupepea kama bendera, na mapigo ya mabawa huukatakata mvumo ukawa kama mbuzi anayelia. Wataalamu walibishana sana, mpaka katikati ya karne ya 19 ilipothibitishwa kwamba ni mkia. Jaribio lake ni rahisi: unyoya wa pembeni wa mkia wa sululu huchomekwa kwenye kizibo, kizibo hufungwa kamba, kisha huzungushwa kwa kasi hewani. Unyoya wa katikati ya mkia hautoi mlio huo. Ule wa pembeni umejikunja kidogo, na vijinyoya vyake vimeshikana kwa nguvu zaidi, ndiyo maana hauchaniki.

Kisa cha Nyuzilandi kinapita vyote. Wamaori walisimulia habari za hakawai, ndege mkubwa wa angani ambaye hakuna aliyemwona, husikika usiku tu akishuka kwa kishindo kama mnyororo unaoteremshwa mashuani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kuwa sauti hiyo ni ya sululu wadogo wa visiwani, na kwamba manyoya yao ya mkia hukutwa yamelika kwa mirindimo hiyo. Jamaa yao mmoja alitoweka kabisa mwaka 1964, panya walipoingia kisiwa chake cha mwisho. Jitu la hadithi lilikuwa ndege anayeenea kiganjani.

Kwa walioleta hoja ya filamu ya katuni Up ya mwaka 2009: yule ndege mrefu wa rangi kali anayeitwa Kevin si sululu. Mzee anamtuma mtoto amtafute snipe ili apate utulivu, mtoto anarudi na ndege mwingine kabisa. Mzaha ni uleule wa gunia.

Anayetaka kumwona halisi asiangalie maji ya wazi. Atafute ukingo wenye tope laini na majani mafupi, alfajiri au jioni, jua likiwa mgongoni. Ardhi ikikauka asijisumbue: mdomo hauingii, na ndege wamehama. Matundu madogo yaliyobanana topeni ni dalili njema. Kosa la kawaida ni kupitisha darubini haraka. Iache juu ya kichaka kimoja cha majani mpaka mstari mmoja wa malai usogee.

Akifumka, tazama namna anavyoondoka, ujue ni wa aina gani. Sululu wa kawaida hutoa mlio mkavu kama kitambaa kinachochanwa, huenda kwa kona na kupanda juu, na bawa lake lina ukingo mweupe kwa nyuma. Sululu mdogo kabisa hungoja mpaka ukaribie kumkanyaga, huruka kimya na kutua karibu. Sululu mkubwa hunyooka, mzito, bila kona nyingi. Usimdharau kwa uzito huo: vipimo vilivyotangazwa mwaka 2011 vilionyesha kuwa hutoka Sweden hadi Afrika bila kutua, mmoja akikata kilomita 6,760, na baadaye wengine walipimwa wakiruka mita 8,700 juu.

Ukibahatika kumkuta akila, angalia mdomo. Unachoma na kuchomoka kama sindano ya cherehani, na mara nyingi hautoki kabisa topeni. Ncha yake ina mishipa ya fahamu inayogusa nyungunyungu, tena inaweza kufunguka yenyewe huku sehemu nyingine ya mdomo ikibaki imefungwa, kwa hiyo humeza kilichonaswa bila kuinua kichwa.