Mzee ana presha na hataki kuacha kahawa

Mkuu, umesema mzee wako hapo Tunduma ana presha, jirani kamtisha kwamba kahawa itausimamisha moyo, na mzee kagoma kuacha. Mimi nimekulia Mbozi kwenye mashamba ya kahawa, sasa naishi Mbeya mjini, presha ninayo miaka mingi na kahawa nakunywa. Ila kabla hujamnyang'anya kikombe, niambie kwanza presha yake inasoma ngapi.

Maana jibu linategemea hapo. Kuna utafiti wa Japani uliotoka 2022, walifuatilia watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19. Wale wenye presha ya 160 kwa 100 kwenda juu, waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku, walikuwa kwenye hatari kama maradufu ya kufa kwa moyo au kiharusi kuliko wenzao wasiokunywa. Kikombe kimoja hakikuonyesha hatari hiyo, na wenye presha ya chini ya hapo hawakuwa na tatizo hilo. Haithibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyowamaliza, lakini mzee wangu angekuwa kwenye 170 nisingebishana nayo.

Jambo la pili ni upikaji, na huku kwetu watu hawaliongelei kabisa. Kwa baba yangu mdogo pale Vwawa kahawa inakaangwa kwenye chungu mpaka iwe nyeusi, inatwangwa kwenye kinu, kisha inatokota kwenye birika juu ya mkaa asubuhi nzima. Ikipungua anaongeza maji, na machicha yale yale yamo. Ukimimina, angalia juu ya kikombe: utaona mafuta mepesi yanang'aa. Humo kuna kitu kinaitwa kafestoli, na hicho ndicho kinachopandisha kolesteroli mbaya, yaani mafuta ya kwenye damu yanayoziba mishipa. Wanorwei walililetea zogo miaka ya 1980, kwa sababu nao ni watu wa kuchemsha kahawa. Chujio la karatasi linazuia sehemu kubwa ya kafestoli. Lile la waya la chai halizuii, linakamata machicha tu. Kahawa ya kopo ya kukoroga nayo ina kafestoli kidogo sana, ingawa baba mdogo anasema hayo ni maji ya kuoshea vyombo.

Kafeini yenyewe hupandisha presha kwa muda, zaidi kwa asiyeizoea. Kwa hiyo mzee asinywe kahawa halafu akimbilie kupima. Akae walau nusu saa, la sivyo utaletewa namba za kukutisha bure. Wataalamu wa chakula wa Ulaya wanasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, mjamzito 200. Arabika yetu ina karibu nusu ya kafeini ya robusta ya Kagera (wana Bukoba msininunie).

Kuhusu moyo kwenda mbio, mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Marekani, Kanada na Australia kwa wagonjwa 200 ambao mapigo yao yalikuwa yamevurugika, yakarudishwa sawa kwa umeme hospitalini. Walioendelea kunywa kahawa, tatizo liliwarudia asilimia 47, walioacha, 64. Sisemi kahawa ni dawa, lakini ile hofu ya jirani haina mguu hapo.

Kinachonitia wasiwasi kwa wazee wetu ni vidonge. Mtu anaacha kahawa, anajiona kapona, na vidonge navyo anaviacha. Hapo ndipo kiharusi kinapomkuta.

Kama mzee yuko chini ya 160 kwa 100, mwachie kimoja au viwili vya asubuhi, sukari apunguze, na mtafutie chujio la karatasi. Akiwa juu ya hapo, apunguze polepole huku daktari akirekebisha dawa. Asiache ghafla, kichwa kitamuuma siku mbili tatu na lawama zote utabeba wewe. Kifua kikibana au akikosa pumzi, habari za kahawa wekeni pembeni, mpeleke hospitali.

Mpime kesho kabla hajaweka birika jikoni, kisha leta namba hapa.