Kwa mwalimu mgeni wa shule maalum: uliza kwanza nini kimebadilika

Karibu, mwalimu mwenzangu. Nimefundisha shule maalum hapa Kisumu miaka 16. Watoto wetu wengi wana ulemavu wa akili, wengine usonji, wengine mtindio wa ubongo, na kifafa sijawahi kukikosa katika darasa lolote nililopewa. Nakuandikia yale ambayo ningefurahi kuambiwa wiki yangu ya kwanza.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mvulana wa miaka tisa hivi, hasemi. Ghafla akaanza kujipiga ngumi kichwani kila baada ya chakula cha mchana. Mimi na wenzangu tukaita ukaidi. Nikamnyima bembea, nikamkalisha peke yake nyuma ya darasa. Siku ya nne mama wa bweni alikuwa akimwosha, akaona usaha unatoka sikio la kushoto. Siku zote hizo alikuwa anapiga upande uleule, na mimi niliyeshinda naye tangu asubuhi sikuwa nimeuona. Kutafuna ndiko kulikomtonesha, ndiyo maana ilikuja baada ya kula. Alipotibiwa, ngumi ziliisha. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kuniambia kwamba anaumwa, na jambo hilo bado linanichoma.

Kwa hiyo mtoto akibadilika, usiulize "huyu ana nini tena?" Uliza nini kimebadilika, kisha uanze na mwili. Meno, masikio, tumbo, usingizi. Mtoto asiyetembea na asiyekunywa maji ya kutosha hufunga choo siku nyingi, na maumivu yake unaweza kuyadhania hasira. Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao baridi na kiu huamsha maumivu yake, anahitaji maji na sweta kabla hajalia. Nasi hapa tunaishi kando ya ziwa: joto la mwili likipanda, apimwe malaria siku hiyohiyo. Baadhi ya watoto wetu ulemavu wao wenyewe ulitokana na malaria iliyopanda kichwani wakiwa wachanga, na hakuna mzazi wao anayehitaji kuelezwa ukali wake. Asiyesema hatakwambia kichwa kinamgonga. Utamwona tu ameusukuma kando uji ambao jana aliomba kuongezwa.

Weka daftari dogo mfukoni. Usiandike "leo alikuwa mkorofi," maana sentensi hiyo haimsaidii yeyote. Andika saa, kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Tulikuwa na msichana mwenye usonji aliyepiga mayowe alasiri fulani na nyingine akakaa kimya kabisa. Tulibadilisha kiti, tukabadilisha ratiba, wapi. Daftari la wiki tatu ndilo lililotuonyesha: alipiga mayowe siku ambazo wingu lilikuwa linashuka kutoka upande wa Nandi. Wewe mgeni utayazoea masika ya huku. Asubuhi jua kali, alasiri ngurumo na mvua inayopiga mabati hadi mwalimu hasikiki. Yeye alikuwa anaihisi kabla yetu. Tangu hapo, wingu likijikusanya, mmoja wetu humpeleka kwenye chumba chenye dari, na shuka lake analolipenda. Mayowe hayakuisha yote, lakini anaweza kupita mvua nzima akiwa ameketi.

Kifafa nakuomba ukijue kwa moyo kabla ya kitu kingine. Mtoto akianguka, tazama saa. Ondoa viti na mawe karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, hata kama mtu mzima unayemheshimu anakupigia kelele ufanye hivyo; kijiko huvunja meno na huweza kumziba pumzi. Ikipita dakika 5, au moja ikifuata nyingine kabla hajazinduka, ni hospitali, hakuna kungoja. Akizinduka atakuwa amechoka na pengine amejikojolea. Mfunike haraka, na watoto wengine wasiachwe wamzunguke wakimtazama. Aibu ile anaikumbuka hata asiyejua kuhesabu hadi tatu.

Kifafa kingi utakiona wiki ya kwanza ya muhula. Nyumbani dawa iliisha na nauli ya kwenda kliniki haikuwapo, au jamaa fulani alisema maombi yanatosha, na dawa ya kifafa ikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Hapo ndipo ulimi wako utapimwa. Ukimwambia mama, "Mbona hukumpa mtoto dawa?" muhula ujao atakuficha. Mimi huanza kwa kumsifia mtoto jambo moja la kweli, kisha namuuliza dawa iliwafikisha hadi siku gani. Atakwambia mwenyewe. Wengi wa mama hawa wamelaumiwa na ukoo tangu mtoto azaliwe. Wameambiwa ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wengine wameachwa na waume. Mwite kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, kama anavyoitwa mama mwingine yeyote.

Lugha nayo. Mtoto anaweza kufika akijua Kijaluo cha nyumbani tu, wewe ukadhani haelewi kitu. Kama hukuzaliwa huku, jifunze maneno 20 kwa bibi za mapishi kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeona mtoto aliyeandikwa kuwa hafuati maelekezo akinyoosha kikombe mara tu aliposikia "pi," yaani maji. Kwa wasiosema kabisa, tumia picha na ishara, na mama wa bweni, mpishi na mlinzi wazijue ishara zilezile. Ishara inayoeleweka darasani pekee haimfai mtoto usiku.

Fimbo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, na ukiona mwenzako anaitumia usigeuze uso. Vilevile wafundishe wote, wasichana kwa wavulana, majina halisi ya sehemu za mwili na neno "hapana." Tunawaosha, tunawavisha, tunawabeba, wamezoea kuguswa na watu wazima, na mtu mbaya analijua hilo. Gonga hodi hata kwa asiyejua maana ya hodi. Mwambie unataka kumvua nini kabla ya kumvua. Mtoto akibadilika ghafla anapomwona mtu fulani, liandike, mwone mwalimu mkuu siku hiyo, na simu ya 116, ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa, ni ya bure. Usifanye uchunguzi wako mwenyewe, wala usikubali kuambiwa mambo haya yamalizwe kwa kikao cha nyumbani.

Nawe utachoka. Mgongo kwanza, kutokana na kuinua watoto, kwa hiyo inueni wawili wawili. Kisha uchovu wa moyo, ambao huja hasa mtoto akifariki wakati wa likizo na nyinyi mkapata habari muhula ukifunguliwa. Sisi huketi pamoja chai ya saa nne na kumtaja kwa jina. Usikose kikao hicho kwa sababu una daftari za kusahihisha.

Jumatatu fika langoni kabla ya gari la watoto. Tazama anayechechemea, anayeukwepa mkono aliouzoea, aliyevaa sweta jua likiwaka. Andika. Halafu pitia bwenini umsalimie mama wa bweni, umuulize nani hakulala.